Chura Anayelinda Kisima

Sentensi iliyoninyima usingizi ilikuwa fupi. Ilisema kwamba ugonjwa wa fangasi wa vyura uliingizwa kwenye msitu wa hifadhi na wafugaji waliohamia. Haikuwa sentensi yangu, ila ilikuwa inasubiri jina langu chini yake, kwa sababu mimi ndiye niliyekamata vyura wale na kuwapaka vijiti vya pamba. Nilikuwa nalala chumbani kwangu Majengo, mjini Mpanda, nikiigeuza. Kama ni kweli, mbona nashindwa kuikubali? Kama si kweli, ushahidi wa kuipinga uko wapi? Na kama ni nusu kweli, ni nusu ipi? Kulikucha bado niko kwenye nusu.

Sasa mkataba wangu umeisha. Siwingwa, dereva wetu, amewatangazia watu wa gereji na mama ntilie wa karibu na ofisi kwamba nimestaafu. "Mstaafu asiye na mvi hata moja," anasema, na wao wananipa pole wanapokutana nami sokoni. Fedha za mradi zilikwisha, ndiyo sababu niliyopewa. Kama kulikuwa na sababu nyingine sijui, ingawa nimeifikiria kuliko inavyostahili.

Ninaandika haya kwa ajili yenu mtakaoyavaa mabuti niliyoyaacha. Ya vyeo sitayagusa, hakukuwa na cheo. Ya mshahara nayo tuyaache, msije mkakata tamaa kabla hamjaanza.

Nilikuja kazini na shahada, lakini sikuwa nimewahi kumshika chura aliye hai. Chuoni tuliwapata wakiwa wamekufa, ndani ya chupa, wameshanyooshwa. Nyumbani kwetu Katumba, baba aliposikia kazi niliyopata alimaliza ugali wake, kisha akaniuliza, "Odetha, miaka yote hiyo ya ada, ukashike vyura?" Nilimweleza kwamba vyura ni kipimo cha afya ya maji. Akasema maji ya kwao yanapimwa kwa kuyanywa.

Siku ya kwanza Dokta Shao alinipeleka bwawani. Yeye ndiye mkuu wa mradi, mama mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye amekaa na vyura muda mrefu kuliko nilivyokaa na wazazi wangu. Alinionyesha jinsi ya kushika. Vidole viwili vinabana mapaja kwa nyuma, kidole gumba kinakaa mgongoni, mkono usikaze. Kisha unachukua kijiti cha pamba na kumpaka tumboni, mapajani na kwenye nyayo, taratibu, kama mtu anayefuta vumbi kwenye miwani. Unavunja ncha ya kijiti ndani ya kichupa chenye spiriti, unafunga, unaandika, unamwachia chura palepale ulipomtoa. Si hatua tatu mbele. Palepale.

"Huyu si wako," aliniambia. "Umemwazima."

Chura wangu wa kwanza aliniponyoka. Wa pili nikamshika, lakini nilipomaliza nikaanza kujiuliza kama glavu iligusa kofia yangu, na kama kofia iligusa majani, na kama majani yaliguswa na chura wa kwanza. Nikabadilisha glavu. Nikawaza tena, nikabadilisha tena. Siwingwa alikuwa ameegemea gari, anatafuna muwa.

"Dada," akaita, "kwa mwendo huo glavu zitaisha kabla ya vyura."

"Ni utaratibu, kaka."

"Utaratibu naujua. Huo wako ni ugonjwa."

Mtashangaa, lakini woga huo ulinisaidia. Kazi hii inataka mtu anayehangaika. Ugonjwa tunaoutafuta unakaa kwenye ngozi ya chura, na chura hutumia ngozi kunywa na kupumua. Fangasi akizidi, ngozi inakuwa nene na kubanduka, chumvi ya mwilini inavurugika, moyo unasimama. Mbegu za fangasi huogelea majini, hazionekani kwa macho, na zinaweza kusafiri kwenye tope la soli ya kiatu. Ndiyo maana kila mnapotoka kwenye bwawa moja mnasugua mabuti kwa brashi na klorini kabla ya kwenda jingine. Msiruke hatua hiyo hata mkiwa mmechoka, hata askari aliyewasindikiza akisema nyati wako karibu. Sugueni huku mkitazama nyuma.

Misimu ya kwanza ilikuwa ya bondeni. Kiangazi maji yanapokauka, viboko wanabanana kwenye tope mpaka huoni tope, na pembeni yao, kwenye nyufa, wamo vyura. Kule tunapima kwa amri ya askari. Akisema toka, unatoka, hata kama chura yuko mkononi. Unatoka naye, halafu unabaki unajiuliza utamrudishaje palepale. Vyura wa bondeni wengi walikuwa salama, na wachache walioonekana na fangasi hawakuwa na dalili ya kuumwa. Dokta Shao hakushangaa. Fangasi huyu hapendi joto, na mabwawa ya wazi ya Katavi ni kama supu kufikia saa saba mchana. Hofu yake ilikuwa milimani, kwenye vijito vya baridi vinavyotoka msituni, ambako yupo chura mdogo wa kahawia anayeng'ang'ania mawe. "Akifika kule," alikuwa akisema, "tutaokota." Hakumaliza sentensi hiyo hata siku moja, na sisi hatukumwomba amalizie.

Vijijini tulikuwa kichekesho. Pale Mamba, kwenye majaruba ya mpunga, akina mama walituuliza tunatafuta nini, nikawaambia fangasi wa vyura. Walicheka mpaka wakaweka majembe chini.

"Chura naye ana fangasi? Mpelekeeni sabuni!"

"Sabuni ataila. Mpelekeeni ndala."

Nilijaribu kueleza, wakacheka zaidi. Baadaye nilijifunza kungoja kicheko kiishe ndipo niseme, maana mtu aliyemaliza kucheka husikiliza vizuri. Hilo hamtafundishwa popote.

Msimu uliofuata tukaanza kupima visima. Visima vya kuchimba kwa mkono vina maji ya baridi na kivuli, na kiangazi vyura hukimbilia humo. Ndipo nilipofika kwa Mama Holo.

Mama Holo anakaa nje kidogo ya Mamba, kwenye boma pana lenye ng'ombe na mahindi. Familia yake ilishuka na mifugo kutoka upande wa Shinyanga yeye akiwa bado msichana, ikakaa sehemu kadhaa, na wakati mmoja iliondolewa mahali ilipokuwa karibu mno na mpaka wa hifadhi. Hapo alipo sasa serikali ya kijiji ilimpa. Nilimsalimia kwa maneno machache ya Kisukuma niliyofundishwa na Siwingwa garini, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje mama, akaitikia, akanitazama kutoka juu hadi chini, akacheka.

"Huyu Msukuma wa wapi?"

"Wa Katumba, mayu."

"Ha! Kumbe Mrundi. Karibu, ng'wanone, mwanangu, sote ni wa kuja."

Akanichotea maji kwenye kikombe cha bati. Nikatoa chupa yangu ya maji ya kuchemsha begani, nikasema asante, ninayo. Siwingwa alikunywa yangu na yake. Mama Holo hakusahau. Kila nilipofika baada ya hapo aliuliza kwanza habari za ile chupa.

Nilipomwomba ruhusa ya kukamata vyura kisimani, alisimama kati yangu na kisima.

"Chukua wote. Yule mkubwa mwenye mstari mgongoni usimtoe."

"Simtoi, mayu. Nampaka tu, namrudisha."

"Umrudishe mbele ya macho yangu."

Wakati nampaka alinieleza. Chura yule, au tuseme ukoo wa chura yule, ulitoka kwenye kisima cha mama yake, huko walikotoka. Kila walipohama na kuchimba kisima kipya, walibeba chura kwenye chungu chenye nyasi mbichi, wakamtumbukiza kabla mtu yeyote hajachota. Wanamwacha. Akiwa mzima, maji ni mazima, na wadudu anawamaliza. Akifa, kisima kinafukiwa. "Kisima kisicho na chura mimi sinywi," alisema. Sijui kama ni desturi ya wengi. Wasukuma wengine niliowauliza walicheka kama wale wa Mamba. Lakini kwa ukoo ule ndivyo ilivyokuwa, na kwa kweli niliona ni akili. Ni kipimo kama chetu, ila majibu yake hayasubiri basi la kwenda maabara.

Aliongeza kwamba Masunga, mwanawe mkubwa, alipojenga boma lake kule chini ya milima, karibu na kijito, naye alikwenda na chura wa kisima hiki. Nikaona ni habari nzuri ya kumsimulia baba.

Majibu ya maabara yalipokuja, kisima cha Mama Holo kilikuwa na fangasi. Chura mwenye mstari hakuwa na dalili yoyote, alikuwa mnene na mwenye kiburi. Wapo vyura wa namna hiyo: wanabeba ugonjwa bila kuumwa, na kuwapa wenzao.

Baada ya hapo tulipanda hadi kijito cha Masunga, na mvua zilikuwa zimeanza. Kabla sijavaa glavu niliwaona. Vyura wadogo wa kahawia walikuwa wamelala kati ya mawe, miguu imenyooka nyuma, ngozi ya tumbo inabanduka kama karatasi iliyolowa. Wengine walikuwa hai lakini hawakukimbia nilipowasogelea, na chura asiyekimbia ni jambo baya kuliko aliyekufa. Siwingwa, ambaye ana neno kwa kila kitu, alishuka kwenye gari, akatazama, akarudi kukaa. Niliwapaka wote, waliokufa na waliobaki.

Majibu yalikuwa yale tuliyoyaogopa. Na mimi, kwa sababu nilikuwa na habari ya chungu na nyasi mbichi kichwani, niliunganisha kisima na kijito, nikampelekea Dokta Shao, nikiwa na furaha fulani ya mtu aliyemaliza hesabu ngumu. Alinisikiliza, akavua miwani.

"Umepata njia, Odetha."

Kesho yake rasimu ya ripoti ilikuwa na ile sentensi.

Sitaki mmfikirie vibaya Dokta Shao. Hadi leo tunaongea, na bado ni mwalimu wangu. Nilipomwendea na mashaka yangu alinijibu kwa busara yote. "Waliotupa fedha watauliza chanzo. Watu wa hifadhi watauliza chanzo. Nikiandika hatujui, ripoti itakaa kabatini, na wewe umewaona wale vyura. Unataka tukae tunawaza mpaka waishe?"

"Lakini hatukuwahi kupima kijito kile kabla, Dokta. Labda fangasi alikuwepo."

"Labda."

"Na gari letu limepita pale msimu uliotangulia. Na ng'ombe. Na nguruwe pori. Labda ni wao, labda ni sisi."

"Labda, labda," alisema, bila ukali. "Binti, ukisubiri mpaka labda ziishe hutaandika kitu maisha yako yote. Habari ya chungu umeileta wewe mwenyewe. Soma tena rasimu, uniletee Jumatatu ikiwa na jina lako. Na hadi itoke, usimweleze mtu majibu. Watu wakisikia nusu watamwaga sumu visimani."

Alikuwa na hoja. Hilo ndilo lililonikalisha macho. Mtu asiye na hoja unamkatalia, unalala.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia. Nilipokuwa sekondari, wenzangu walikuwa wakituambia sisi wa Katumba, "Nyie ndio mlikuja na funza." Babu yangu, aliyevuka kutoka Burundi na jembe na mbegu za maharage, alikuwa akijibu kwamba funza alimkuta hapa, tena alimpokea vizuri kuliko watu. Tulicheka. Lakini najua jinsi sentensi moja inavyokaa kwa watu. Sasa tuna uraia, tuna mashamba, na bado kuna mtu atakayekuambia habari ya funza ukigombana naye foleni ya maji. Nikifikiria neno "waliohamia" kwenye ripoti yenye jina langu, nilikuwa naona mpaka wa hifadhi ukisogea hadi kwenye boma la Mama Holo. Halafu najiuliza: je, ninawatetea kwa sababu ushahidi hautoshi, au kwa sababu ya funza? Na kama ni kwa sababu ya funza, je, mimi bado ni mtafiti?

Pengine ningebaki hapo hapo kama Siwingwa asingeleta habari. Alikuwa amepita Mamba kununua mchele, akakutana na Masunga.

"Wanajiandaa na sherehe," aliniambia. "Holo, yule binti wa Mama Holo, mumewe amechimba kisima. Ng'ambo ya mlima, kule kwenye kijito cha pili. Mama anampelekea chura Jumamosi."

Kijito cha pili nilikuwa nimekipima mwenyewe. Kilikuwa safi. Wale wadogo wa kahawia walikuwa wanaruka huko mpaka wanakukera. Na siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Nilimpigia Dokta Shao, simu haikupatikana. Nikapiga tena. Nikaanza kupanga namna ya kusubiri: labda watachelewa, labda mvua itanyesha, labda chura atakataa kukamatwa. Siwingwa alinitazama nikizunguka gari.

"Dada Odetha, hilo gari ukilizunguka haliendi. Tunaenda au hatuendi?"

Tukaenda.

Tulifika alasiri. Mkokoteni wa ng'ombe ulikuwa umesimama uani, Masunga anakaza kamba zake, na juu yake kulikuwa na chungu kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe. Mama Holo alikuwa amevaa kitenge kipya.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, ng'wanone. Chupa haijambo?"

"Haijambo. Mayu, nimekuja kwa habari ya chura. Anaumwa."

"Nani?"

"Wa kisimani. Mwenye mstari."

Alicheka. "Mbona jana jioni kapiga kelele mpaka mbwa wamechukia?"

"Ana ugonjwa wa ngozi. Haumuumizi yeye, lakini akimpa mwenzake wa milimani, yule anakufa. Ni fangasi."

Masunga aliacha kamba. "Fangasi? Kwani huyu chura anavaa viatu? Wanaovaa gambuti hapa ni nyie."

Siwingwa alikohoa, akageukia upande wa ng'ombe. Mimi sikucheka, maana hilo ndilo hasa lililokuwa likinizunguka kichwani kwa wiki kadhaa, na yeye amelisema kama mzaha.

Mama Holo alikuwa ameshaacha kucheka. Akaanza kuuliza, moja baada ya jingine, kama mtu anayehesabu watoto baada ya safari. Je, maji yake yanaumiza watu? Hapana, mayu. Ng'ombe? Hapana. Kuku? Hapana, ni vyura tu.

"Kwa hiyo umetoka Mpanda mpaka huku kwa ajili ya vyura."

"Ndiyo, mayu."

"Haya. Kila mtu na mifugo yake."

Lakini Masunga hakuwa kwenye mzaha tena. "Wale waliokufa kwenye kijito changu, mnasema ni sisi tuliowaua."

"Sijui, kaka."

"Hujui vipi? Si wewe msomi?"

"Msomi ndiyo. Ninachojua ni kwamba kisima hiki kina ugonjwa, na kijito chako kina ugonjwa. Nani alimpa nani, vipimo vyangu havisemi. Hatukupima kwako kabla. Na sisi tumepita kwako na gari. Mabuti tunasugua, lakini matairi ya Siwingwa sijawahi kuyasugua."

"Matairi yangu yaache," alisema Siwingwa.

"Siyaachi."

Masunga alihesabu kwa vidole. "Kwanza ilikuwa ng'ombe wamemaliza majani. Halafu ng'ombe wamechafua mto. Sasa chura. Dada, tukiambiwa tena tuhame, safari hii tuache nini? Wewe utaandika nini kuhusu sisi?"

Kabla sijajibu, Mama Holo alituingilia. "Masunga, ripoti ya mtu muachie mwenyewe. Mimi nina binti yangu. Kisima kiko tayari, wajukuu wanasubiri, na bila chura hawanywi, nimewafundisha mwenyewe. Sasa nifanyeje?"

"Kule kwa Holo kijitoni, vyura wapo, mayu. Wengi na wazima. Mchukue mmoja wa palepale, atakuwa hajaleta kitu ambacho kijito hakina."

"Simjui huyo chura."

Kwa maneno hayo alikuwa ananieleza kisima cha mama yake, na safari zote zile, na chungu. Alikwenda hadi mkokotenini, akafunua kitambaa, akamtazama chura wake, na chura akamtazama. Ilichukua muda.

"Hata mkwe wangu nilikuwa simjui," alisema mwishowe. "Kaja hapa na miguu mirefu, simuelewi kabila wala ukoo. Nimemzoea. Na huyo wa kijitoni nitamzoea."

Akabeba chungu, akamrudisha chura kisimani kwa mkono wake, mbele ya macho yangu. Kisha akaniuliza chungu kifanywe nini. Nikakisafisha kwa klorini, nikamwonyesha kukianika juani kutwa nzima, kwa sababu fangasi huyu hawezi ukavu, na nyasi tukazichoma. Akasema basi ataondoka Jumapili, chungu kikikauka. Alinipa kikombe cha maji, akakumbuka, akakinywa mwenyewe.

Wakati tunaondoka Masunga alishika dirisha la gari. "Hukunijibu."

"Jina litakalokaa pale ni langu," nilimwambia. "Nitaandika ninachokijua. Na nisichokijua nitaandika kwamba sikijui."

Aliachia dirisha. Hakusema asante, na sikuona kwa nini aseme.

Kuna mwinuko kwenye barabara ya kurudi ambapo simu huanza kushika mtandao; mtaujua, magari yote ya mradi yanasimama pale. Siwingwa alisimama bila kuambiwa, akazima injini kabisa, maana anajua desturi yangu. Ripoti ya ukurasa mmoja mimi huisoma mpaka maneno yanapoteza maana, na barua pepe ya kuomba betri za tochi iliwahi kunichukua mchana mzima.

Nikafungua kompyuta mapajani. Nikafuta ile sentensi. Mahali pake nikaandika kwamba ugonjwa umekutwa kwenye kisima kimoja na kwenye kijito kimoja. Kwamba kijito hicho hakikuwahi kupimwa kabla, hivyo haijulikani ulifika lini wala na nani. Kwamba wanaopita pale ni wafugaji, mifugo, wanyama wa porini na sisi wenyewe wa mradi. Nikaandika kwamba ipo familia inayolinda visima vyake kwa chura, na imekubali kutumia chura wa maji yaleyale, na kwamba nasi tuanze kuosha matairi. Kisha nikamwandikia Dokta Shao kwamba majibu nimeyatoa mimi kabla ya ripoti, sababu ni hii, na kama sentensi ya kwanza itarudi basi jina langu litoke.

Kidole kilikaa juu ya kitufe. Niliona kosa moja la koma. Nikaona "huenda" moja ambayo labda ingekuwa "inawezekana." Nikajua nikianza na koma nitafika mpaka funza.

Nikatuma.

"Washa gari," nilimwambia Siwingwa.

"Umeshasoma tena?"

"Hapana."

Aligeuka akanitazama kwa makini, kama mtu anayempima mwenzake homa kwa macho.

"Basi umestaafu," alisema, akawasha gari.